Tarumbeta ya Saba

Shemeji yangu ni fundi saa, na tangu nilipoolewa na mdogo wake amekuwa akitutangazia kwamba saa za mwisho zimefika. Dukani kwake hakuna saa mbili zinazokubaliana. Ile ya ukutani inasema ni asubuhi, ile ya mezani inasema watu wakalale, na yeye mwenyewe kakaa katikati, amebana lenzi jichoni, anakuambia bila kupepesa kwamba muda umekwisha. Ukimuuliza umekwisha kwa saa ipi, ananuna.

Watu wamempa jina la Mzee Ishara. Kila Jumatano alasiri anaongoza darasa la Biblia katika ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, na miaka yote darasa lake ni kile kitabu cha mwisho tu, chenye mihuri na farasi na nzige wenye nyuso za watu. Hakuna kitu humo ambacho hajakipatia mwenyewe wake hapa mtaani. Nzige wale wenye ngao za chuma vifuani ni pikipiki za vijana wa pale kona. Nyota iliyoangukia mito hata maji yakawa machungu, hayo ni maji yetu ya bomba. Mume wangu ni fundi bomba. Siku ile ya maji machungu alinyoosha mkono akasema, "Kaka, ile ni kutu tu, na bomba nimelibadilisha juzi." Darasa zima likacheka. Mzee Ishara akamtazama mdogo wake kwa huruma nyingi, akaendelea na nzige.

Lakini darasa hilo lina ugonjwa wake. Tunaanza mwanzo, tunafungua mihuri mmoja mmoja, tunaingia kwenye malaika saba wenye tarumbeta saba. Inapigwa ya kwanza, inapigwa ya pili, tunakwenda hivyo mpaka ya sita. Baada ya hapo kuna habari ya kitabu kidogo kinacholiwa, kitamu mdomoni na kichungu tumboni, halafu kuna mashahidi wawili wanaouawa na kulala barabarani kisha wakasimama tena. Basi tukifika hapo, Mzee Ishara anavua miwani, anaifuta kwa shati, anasema, "Naona tuna wageni. Wiki ijayo turudi mwanzo, wasije wakaachwa nyuma." Mgeni mwenyewe ni mama muuza mkaa, ambaye amekuwa mgeni tangu binti yake yuko shule ya msingi, na sasa binti ana watoto wawili. Mimi wale nzige nawajua kuliko ninavyowajua ndugu wa mume wangu. Yule mnyama wa vichwa saba namsikia kwa mbali tu, hatujawahi kumfikia.

Hayo yote tuliyavumilia kwa kucheka, mpaka yalipoingia nyumbani kwangu.

Kanisa letu lina bendi, na mume wangu alikuwa mpiga tarumbeta wa sita, wa mwisho kwenye mstari, upande wa dirishani. Mimi ni fundi cherehani. Makoti ya bendi nimeyashona mimi, yale ya kola nyekundu, kwa hiyo nikikaa kanisani huwa natazama mabega yao kabla sijasikia muziki. Sasa siku moja mume wangu amelala chali chini ya sinki, anahangaika na kiungo cha bomba kilichoshikana kwa kutu, spana ikateleza ikamjia mdomoni. Alirudi nyumbani amejiziba kwa kitambaa. Alipokitoa, nikaona meno ya mbele hayapo. Nililia kuliko yeye.

Mpiga tarumbeta bila meno ya mbele hana pa kuegemeza midomo. Mwalimu wa bendi alimsubiri, akamsubiri, mwishowe nafasi ikaenda kwa binti wa fundi viatu. Binti anapiga vizuri, sina la kumsema. Ila mume wangu alianza kupungua. Chakula anakichokonoa, utani haujibu, jioni anakaa ameshika tama anatazama mfuko wa tarumbeta juu ya kabati. Koti lake nililipunguza ubavuni mara moja, kisha nikalipunguza tena, bila mtu kuniambia. Nilikuwa nalishona nikiwa na hofu kwamba nitaendelea kulipunguza hivyo mpaka nitabaki na koti.

Aliyeumia zaidi ni mama mkwe wangu, ambaye anaishi nasi. Masikio yake yamechoka siku nyingi. Alasiri moja alimwambia mwanawe, kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia, "Mahubiri nimeacha kuyasikia zamani, na nyimbo siku hizi sizisikii. Kilichobaki kunifikia ni tarumbeta yako. Sasa nikienda kanisani natazama watu wanafumbua midomo tu."

Baada ya maneno hayo mume wangu alikwenda kwa fundi wa meno. Alirudi na meno ya bandia yaliyopangika vizuri kuliko yale aliyozaliwa nayo, akaanza mazoezi bafuni, na taulo kaisokota ndani ya mdomo wa tarumbeta ili majirani wasitupige mawe. Siku za kwanza, sitamtetea, ilikuwa balaa. Meno yanacheza, pumzi inatoka pembeni, na sauti inayotoka humo unajiuliza ni bomba au ni mtu. Mama mkwe peke yake ndiye aliyekaa kwenye kiti mlangoni mwa bafu ametulia, kwa sababu hakuwa anasikia kitu. Lakini taratibu meno yakazoea, naye akayazoea. Siku aliyoupiga wimbo mzima bila kutema plastiki, nilimsikia akicheka mwenyewe mle ndani. Nikaweka mkasi chini, nikamshukuru Mungu.

Mwalimu wa bendi alimsikiliza, akampiga begani. "Rudi, bwana. Binti abaki, wewe rudi. Tutakuwa na tarumbeta saba, sauti ijae mpaka barabarani."

Hilo neno saba ndilo lililomwamsha Mzee Ishara.

Yeye ndiye mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Katika kikao chao akasimama akasema kwamba tarumbeta sita ni sita, lakini ya saba siyo ya kuchezewa. Ya saba ikilia, mambo yamekwisha, na yeye hawezi kukaa kiti cha mbele akaruhusu mtu aite mwisho wa dunia kabla ya matangazo na sadaka. Mwalimu wa bendi akamwambia hiyo ni lugha ya mafumbo. "Mafumbo ndiyo ninayoyafumbua," akajibu. Mtu mmoja akashauri inunuliwe nyingine moja, ziwe nane, kusudi saba irukwe. Mzee Ishara akasema hata ukitaka kufika nane lazima upite saba. Mwingine akasema basi huyu wa mwisho ahesabiwe upande wa ngoma. Akasema mbinguni hawahesabu viti, wanahesabu shaba. Mchungaji wetu, kijana mpole ambaye anamwogopa Mzee Ishara kuliko anavyowaogopa mashetani, akawaomba walimalize kama ndugu. Maana yake ni kwamba likarudi nyumbani kwangu.

Habari ikamfikia mume wangu. Alitoa meno, akayatia kwenye glasi ya maji, akapandisha mfuko wa tarumbeta juu ya kabati. Mama mkwe akauliza, "Jumapili unapiga?" Akatikisa kichwa. Mama akadhani hajamsikia vizuri, akauliza tena.

Mimi hapo nikajifunga kibwebwe, nikatoka.

Shemeji anaishi peke yake nyuma ya duka lake, katika nyumba ya chini ambayo juu yake zimeachwa nondo za nguzo, zimechomoza angani, zimeshika kutu. Kila anayepita anauliza ghorofa inaanza lini. Nilimkuta huko juu darini, amefunga waya kutoka nondo moja hadi nyingine, anaanika mashati. Nilipanda ngazi nikihema, na nilikuwa nimekwishayapanga maneno yangu njiani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umekuja kwa habari ya tarumbeta."

"Nimekuja kuuliza swali la darasani. Kama dunia inaisha, hizi nondo ni za ghorofa ya nani? Malaika wanahamia hapa?"

Akabana shati kwa kibanio. Nikaona nimempata, nikaongeza.

"Kila Jumatano unafunga kwa sala, unasema njoo, Bwana, njoo upesi. Haya, tumekupatia mtu wa kumpigia tarumbeta aje, umekimbilia darini. Sema ukweli, shemeji. Wewe ndiye mtu mmoja kanisani asiyetaka aje."

Nilitegemea anikaripie. Ana haki hiyo, ni kaka wa mume wangu, na mdomo wangu ulikuwa umevuka mpaka. Badala yake akainama akaokota kibanio kilichoanguka, akabaki amekishika.

"Hii ghorofa aliitaka yeye," akasema. "Dada yako."

Alikuwa akimsema marehemu mkewe. Mimi nilimwita Dada tangu siku niliyoingia katika ukoo huu, na alinipokea kwa kunicheka jinsi nilivyofunga kilemba. Alikuwa mtu wa kucheka kila kitu. Tulimzika miaka mingi iliyopita, na nilijua kwamba Mzee Ishara alianza lile darasa lake baada ya msiba. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

"Alitaka chumba cha juu, aone upepo ukipiga nguo," akasema shemeji. "Nondo nimeshindwa kuzijengea na nimeshindwa kuzikata. Umenichekea kitu hicho mbele ya watu zaidi ya mara moja, na sikukasirika, kwa sababu hukujua."

Nilitamani ngazi ile inimeze.

"Alipokuwa mgonjwa tulisoma kile kitabu wawili, pale chini sebuleni. Alikitaka yeye. Mimi nilikuwa nakiogopa. Kila nikimaliza aya ana swali. Hata hana subira, anachungulia mbele, kama mtu anavyofunua sufuria. Akamwona yule mnyama. Akaniuliza, pembe kumi zinakaaje kwenye vichwa saba? Nani ana mbili, nani ana moja, na hivyo vichwa havigombani?" Akatabasamu, na lile tabasamu likamfanya afanane sana na mdogo wake. "Nikamwambia, subiri, tutafika. Tukasoma mpaka wale mashahidi wawili waliposimama tena. Akasema amechoka, tuendelee kesho."

Akakibana kile kibanio kwenye waya mtupu.

"Kwa hiyo nikifika pale," akasema baadaye, "najua kinachofuata ni tarumbeta ya saba. Nikisoma, ninasoma bila yeye. Nitakuwa nimemwacha njiani nikaendelea na safari. Afadhali nirudi mwanzo, ambako bado tuko pamoja. Halafu mdogo wangu mwenyewe asimame kanisani aipige, na mimi nimekaa pale? Siwezi, shemeji. Mafumbo nimewaambia wengine. Mimi siwezi tu."

 Nilimwonea huruma, nikajionea aibu, na wakati huohuo, Mungu anisamehe, nikaona hasira yangu bado ipo palepale. Maana nyumbani kulikuwa na mtu mwingine anayesinyaa, na huyo bado angeweza kuokolewa.

"Shemeji," nikasema, "huwezi kusoma bila yeye, nimekuelewa. Lakini nani kakuambia usome peke yako? Kesho njoo kwetu. Umsomee mama."

"Mama hasikii."

"Ndiyo utasoma kwa sauti."

Alikuja. Mchana wake nilisukuma cherehani ukutani, nikafagia nyuzi, nikampangia kiti mkabala na mama yake. Alikuja na ile Biblia yao ya zamani, kavaa tai, kana kwamba tumemwalika harusini. Mume wangu alikaa karibu na kabati, amenuna, hajui nimepanga nini, na kusema kweli hata mimi sikujua vizuri. Nilijua tu kwamba hawa watu wawili nimechoka kuwatazama wakifa kidogo kidogo.

Mzee Ishara akaanzia tarumbeta ya sita, na alisoma kwa sauti ambayo lazima hata muuza mkaa aliisikia kwake. Mama mkwe akainama mbele, mkono nyuma ya sikio.

"Nani amekula kitabu?" akauliza.

"Yule aliyeona maono, mama."

"Kwani hapakuwa na chakula?"

Mume wangu akacheka bila kupenda. Mzee Ishara akakunja uso, akaendelea. Mashahidi wakahubiri, wakauawa, wakalala barabarani watu wakiwafurahia, kisha pumzi ikawaingia wakasimama kwa miguu yao. Sauti yake ikaanza kupungua. Akavua miwani. Akaifuta kwa tai. Nikajua neno linalokuja, nalo lilikuwa mdomoni kabisa. Akatazama huku na huku sebuleni kwangu akitafuta wageni, na hapakuwa na mgeni hata mmoja.

"Naona..." akasema, akakwama.

"Mbona kanyamaza?" mama akauliza. "Imekwisha?"

 Mzee Ishara alikuwa ameshika Biblia kwa mikono miwili, na mikono ya fundi saa, ambayo huokota skrubu zisizoonekana kwa macho, ilikuwa imeibana mpaka jalada likapinda. Mume wangu alimtazama kaka yake kwa muda. Sijui alielewa nini. Yeye na kaka yake hawajawahi kuzungumza jambo la moyoni tangu niwajue, huongea habari za vyombo na vipuri. Alisimama, akaendea glasi yake ya maji, akatugeuzia mgongo kwa heshima, akavaa meno. Akashusha mfuko kutoka juu ya kabati. Akavuta taulo kutoka kwenye mdomo wa tarumbeta, na ikatoka ndefu, haiishi kutoka.

"Kaka," akasema, "nipige?"

Mzee Ishara akafumba macho, akashika kiti. Akaitikia kwa kichwa.

Akapiga. Hakupiga wimbo, alitoa sauti moja tu ndefu. Mwanzoni ilikwaruza kidogo, meno yakatafuta pa kukaa, halafu ikanyooka, ikajaa chumba, ikatoka dirishani. Vikombe vililia kabatini. Mahali fulani nje mtu akasema, "Ehe!" Mama mkwe akaacha kushika sikio. Mkono ukashuka mapajani, uso ukainuka, na machozi yakamtoka bila yeye kujua.

"Namsikia," akasema. "Mwanangu huyo. Namsikia."

Sauti ikaisha.  Mzee Ishara akafungua jicho moja, lile la lenzi, akatazama dari, kisha dirisha, kisha mdogo wake, ambaye alikuwa mwekundu wa macho na anahema. Akafungua na la pili.

"Haya," mama akamwambia. "Imelia. Soma, tujue kimetokea nini."

Akavaa miwani. Kurasa za nyuma, zile alizokuwa akizisoma miaka nenda miaka rudi, zilikuwa zimelegea na kuwa kahawia kwa vidole. Ule wa mbele ulikuwa mweupe, na ulikuwa umegandana na mwenzake, ikabidi aupulize. Akasoma. Akasoma kwamba sauti kubwa zikasikika huko juu, zikitangaza kwamba dunia hii sasa imerudi kwa mwenyewe, naye atatawala bila kikomo, na kwamba wale wazee waliokuwa wamekaa kwenye viti vyao wakaanguka kifudifudi, wakaanza kushukuru.

Mama mkwe alimtazama mwanawe mkubwa.

"Kumbe ni watu wanafurahi?"

"Ndiyo, mama."

"Miaka yote hii umekuwa ukitutisha kwa habari njema?"

Nilijiuma mdomo. Mume wangu akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Mzee Ishara mwenyewe akafungua kinywa kutoa tafsiri, akakifunga. Akamtazama mdogo wake, akamkagua kuanzia shingoni hadi kiunoni kama anayemuona baada ya safari.

"Umekonda," akamwambia. "Ule, na mkeo alipanue koti kabla ya Jumapili. Mtu wa saba hawezi kusimama pale amesinyaa."

Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Tarumbeta kaikumbatia kifuani.

Shemeji akarudi kwenye Biblia, akasoma aya iliyofuata, akanyamaza. Nilidhani amechoka. Kisha nikaona ameinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, ambako hapakuwa na mtu, na anasubiri. Aya imekwisha, na alikuwa anasubiri swali.

Mimi si mtu wa kunyamaza.

"Shemeji," nikasema, "yule mnyama wa mbele. Pembe kumi kwenye vichwa saba. Zinakaaje? Nani ana mbili, nani ana moja?"

Akaniangalia juu ya miwani, muda mrefu, machozi yakamlengalenga.

"Subiri," akasema. "Tutafika."

Akalowesha kidole, akafunua ukurasa.